Akata R…

Fundi saa hakuwa na simu ya kupangusa, hakuwa na miwani ya akiba, hakuwa na mtoto wa kumsomea habari, wala hakuwa na subira na watu wanaokula maneno. Alikuwa na kibanda, na hicho ndicho halmashauri ya mji ilichotaka kukibomoa. Rufaa yake ingesikilizwa Alhamisi, na wateja watatu wa zamani walikubali kushuhudia kwamba amekaa pale miaka thelathini na moja.

Jumatatu asubuhi mwalimu mstaafu, shahidi wa kwanza, alifika kibandani amevaa suti nyeusi. Alipomwona fundi ameinamia saa, alishika mlango asianguke.

"Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Gazeti la mtandaoni!" Akamwonyesha simu. Chini ya picha ya fundi paliandikwa: *Fundi saa mkongwe akata r…*

"Akata roho," mwalimu alisoma. "Nimelia njia nzima, ndugu yangu."

"Hebu bonyeza hapo."

Akabonyeza. Kichwa cha habari kikajitokeza chote: *Fundi saa mkongwe akata rufaa kupinga kubomolewa kibanda.*

"Kumbe rufaa! Na mimi nimewahi kuichukua saa yangu kabla warithi hawajaigawana."

Fundi hakucheka. Alimpigia shahidi wa pili, mama muuza vitambaa. Mama alipoona marehemu anapiga, akatoa yowe na kukata simu. Wa tatu, dereva wa lori, alikuwa safarini. Simu hapokei, lakini gazeti hilo hulisoma kila anaposimama.

Fundi akapanda ngazi za ofisi ya gazeti mpaka ghorofa ya tatu. Binti wa dawati la mtandao alimsikiliza bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Kichwa chetu kimekamilika, babu. Simu ndiyo inayokata."

"Inakata baada ya herufi ngapi?"

"Kama ishirini na tano, na nafasi zikiwemo."

"Basi anzeni na rufaa."

"Babu, habari hii imefunguliwa mara elfu arobaini! Ya jana ya halmashauri haikufika mia mbili."

"Wanafungua kutafuta maiti!"

"Si wakifungua wanakukuta mzima? Lalamika kwenye fomu ya mtandaoni."

"Na kwa karatasi?"

"Za karatasi mhariri anasoma mwenyewe. Sijawahi kuona hata moja."

Fundi alirudi kibandani, akachora visanduku ishirini na tano, akaanza kujaza kwa penseli. *Rufaa ya fundi saa Alhamisi.* Herufi mbili zikabaki nje. Akafuta, akajaza tena, zikabaki nje zile zile. Mwishowe akaiondoa "saa". Iliuma. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita fundi mtupu, kama mtu wa kuziba mabomba.

*Rufaa ya fundi Alhamisi.* Ishirini na tatu.

"Mheshimiwa Mhariri," aliandika, "mimi ni mzima. Nimewapunguzia kazi ya kuhesabu. Tumieni kichwa hiki leo, mashahidi wangu warudi."

Mwalimu alichungulia. "Hujaweka 'wako mtiifu'."

"Kwa sababu si mtiifu."

Akaitia barua kwenye bahasha, akailamba, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka kingo zikashikana, akamkabidhi mwalimu.

"Mpe mhariri mkononi, sasa hivi. Na uvue hiyo suti kwanza."

Mwalimu akaondoka na barua, koti begani.