Nyumba Iliyoshindwa Kusema Hapana

Jumatano ile kulikuwa bado giza niliposikia mfuniko wa sufuria ukisogezwa jikoni, polepole, na mtu asiyetaka usikike. Nilidhani ni paka wa jirani yetu Mwanahamisi. Nikachukua mwiko, nikaenda. Alikuwa mjukuu wangu Isidore, amechuchumaa karibu na mafiga, kaptura yake ya kaki imelowa umande, anakula bugali ya jana.

"Isidore, leo ni siku gani?"

"Siku ya tatu, Koko."

"Na siku ya tatu wanafunzi wa mapadri wanalala wapi?"

"Ku internat."

"Na hapa ni internat?"

Akameza tonge bila kutafuna. Shule ya mapadri ilikuwa pale juu ya kilima, nyuma ya mji wa Baraka, na kutoka uani kwetu tuliisikia kengele yake. Lakini wavulana walilala hukohuko bwenini, wakala kimya, wakasema Kifaransa hata wakijikwaa. Aliyetoroka alifukuzwa. Marehemu mwanangu Jacques, baba yake, alikuwa amehangaika sana ili huyu mtoto aingie pale.

"Siku ya posho lori inakuja kunibeba," akasema, yaani Jumamosi. "Banisafirisha ku seminari, kule mbele ya Bukavu. Niende kuwa padri."

"Nani amesema?"

"Padri Albert. Aliniuliza kama nasikia Mungu ananiita. Mi nikasema oui, mon père."

"Na ulisikia?"

"Hapana, Koko."

"Sasa kwa nini ulisema ndiyo?"

Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini maji yanalowesha. "Koko, ni Padri!"

Nikakaa chini. Nikamwuliza kwa nini Padri amchague yeye, wakati sala ya kabla ya kula tu humshinda. Akaniambia kwamba wenzake wakienda kucheza mpira, yeye hubaki ndani ya kanisa la shule, kwenye kona, kwa sababu ya kinanda. Hakuruhusiwa kukigusa. Kwa hiyo alikaa mbele yake bila kukanyaga zile mbao za kuingiza hewa, akabonyeza vidole tu, kinanda kisitoe sauti. Aliusikia wimbo kichwani mwake. Na Padri, akipita mlangoni, aliona mgongo wa mtoto aliyeinama kimya saa nzima.

"Mi sitaki kuwa padri, Koko. Nataka kuwa mwalimu, nikuwe na nyumba, na batoto. Na kinanda."

Machozi yalimtoka, yakaangukia bugali. Nikamfuta uso kwa kitenge changu, nikamrudisha juu kabla ya kengele ya misa. Nilimwambia asiogope. Jambo dogo hili, mtu mzima ataenda kusema neno moja.

Mama yake, Adolphine, alikwenda asubuhi hiyohiyo. "Nitamwambia mutoto hataki, basi," alisema, akafunga kilemba chake kizuri. Alirudi na rozari shingoni na uso wa mtu aliyetumbukia kisimani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia, mama."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia asante."

Nikaishika ile rozari shingoni mwake.

"Alinipa rozari ya mama yake, mama! Mama yake mwenyewe, amekufa kule Ulaya. Ningesema nini? Kisha akaniuliza kama niko na mutoto mwanaume mwingine."

"Adolphine, usiniambie."

"Nikasema iko Bahati. Akasema Bahati naye, akikua. Nikasema ndiyo."

Bahati alikuwa nje, uchi, anakimbiza bata.

Nikamtumia habari mwanangu Alphonse, karani kule Fizi. Kesho yake akashuka na baiskeli, tai shingoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akatucheka. "Bamama, ile kazi inataka Kifaransa." Alipanda kilima akipiga mluzi. Aliporudi hakupiga mluzi tena. Aliketi mezani kwangu, akaomba wino.

"Wino wa nini?"

"Padri ameniomba niseme hotuba kwa misa ya kumuaga Isidore. Kwa jina la wazazi wote."

"Alphonse! Ulikwenda kumzuia mtoto, sasa unaandika hotuba ya kumsindikiza?"

"Alinipa mukono, mama." Alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya wanafunzi bote. Ku bureau Fizi, miaka hii yote, hakuna muzungu amenipa mukono."

Ningemgombeza vipi? Nilimsogezea wino. Lakini usiku niligeuka kitandani kama samaki anayekaangwa. Watu wazima wawili, wana akili, wana midomo, na mtoto anapelekwa kwa sababu ya rozari na kupeana mkono.

Ijumaa nikaenda mwenyewe. Njiani nilijifunza kusema hapana. Niliiambia mihogo ya watu, nikamwambia mbuzi mmoja aliyefungwa. Ilitoka vizuri. Kwenye bustani ya shule wavulana walikuwa wanalima, na Isidore katikati yao ameinamisha kichwa. Mmoja akapiga goti akambusu mkono kana kwamba ni askofu.

"Monseigneur, unibariki! Jembe yangu inapata dhambi!"

"Nyamaza, Casimir, koko ya Monseigneur amefika!"

Wakacheka, lakini yule Casimir aliacha jembe, akaja kunishika mkono kwenye zile ngazi za mawe, akanipandisha mpaka juu. Mtoto mwema, hata kama ana mdomo.

Padri Albert aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akaniweka pale. Yeye akakaa juu ya sanduku. Alinimiminia chai katika kikombe chake mwenyewe, maana hakuwa na kingine, akaweka sukari nyingi kama ninavyopenda, bila kuniuliza.

"Mama Godelieve, umefurahi?"

"Ndiyo, Padri."

"Isidore ni kijana wa sala. Unaona hivyo?"

"Ndiyo, Padri."

"Kesho asubuhi mtaleta blanketi lake?"

"Ndiyo, Padri."

Nikamaliza chai. Nikashukuru. Nikashuka ngazi na miguu yangu miwili, mpaka kwenye lango, na hapo nikasimama, nimejikasirikia hata nikataka kujipiga kofi. Mihogo niliiweza! Isidore alikuwa ameacha kulima, ananiangalia. Aliniangalia mikononi na usoni, kisha akarudi kwenye jembe lake.

Nikapanda tena zile ngazi. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia bila kubisha, nikakaa kwenye kiti kilekile.

"Padri, yale niliyosema, siyo."

"Yapi, mama?"

"Yote. Isidore hataki. Mama yake hataki. Alphonse hataki. Mimi sitaki."

Masikio yake yakawa mekundu. "Lakini mmesema ndiyo! Ninyi nyote! Mmekaa hapa mkasema ndiyo!"

"Tumesema ndiyo kwa sababu wewe ni Padri, na umetupa kiti, na umetupa chai. Kwetu mtu hamkatalii aliyempa kiti. Anasema ndiyo, halafu haji."

Alisimama. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. "Na Wakristo wa Nundu," akasema polepole, "waliosema watakuja kutengeneza paa la kanisa?"

Nilitazama kikombe.

"Na mpishi, aliyesema anapenda namna ninavyoimba?"

"Hiyo mimi sijui, Padri."

"Mmenidanganya! Nimekwisha kumwambia askofu!" Alipiga meza, kikombe kikaruka. Niliogopa. Lakini sikuinuka, maana nilijua nikiinuka safari hii nitaondoka kabisa. Akatoka kwenye baraza, akamwita Isidore kwa sauti iliyosimamisha majembe yote.

Mtoto akaingia, na udongo magotini, akasimama kando yangu.

"Isidore. Sema ukweli. Unataka kwenda seminari?"

"Oui, mon père."

Mungu anisamehe, nilimfinya.

Padri akanitazama mimi, akamtazama yeye. Wote wawili tulikuwa tumechoka sana na huyu mtoto. Nikasema, "Padri, usimwulize kama anataka. Hapo hataweza kamwe. Mwulize anafanya nini kanisani."

Akamwuliza. Isidore akatazama miguu yake, na vidole vyake vikaanza kusogea juu ya kaptura, kimoja kimoja.

"Napiga kinanda, mon père. Bila kukanyaga."

"Na kuomba?"

"Kidogo, mon père. Nikisikia unakuja."

Huko bustanini mtu alicheka, akanyamazishwa. Padri Albert alikaa juu ya sanduku lake kama mzee, ingawa alikuwa kijana kuliko Alphonse. Aliuliza ni wimbo gani, na Isidore akautaja, ule wa Pasaka. Akauliza kama ameweza sehemu ile ya katikati inayopanda. Isidore akasema bado, vidole haviwahi.

"Lori litakwenda bila wewe," Padri akasema. "Rudi kulima."

Isidore hakwenda. Alinitazama mimi, kama nithibitishe.

"Nenda," nikamwambia. "Amesema nenda."

Alikwenda mbio, akajikwaa kwenye ngazi, na wale wenzake wakapiga kelele ambayo sikuielewa, maana walikuwa wanaipiga kwa Kifaransa.

Nilifungua fundo la kitenge, nikatoa rozari ya yule mama wa Ulaya. Nilikuwa nimeichukua kwa Adolphine, ingawa nilishuka mara ya kwanza bila kuitoa. Padri aliikataa. Akasema Adolphine aivae, alipewa kwa moyo. Sikubishana. Nilimwambia tu kwamba nasikitika kwa jinsi askofu atakavyomwona yeye. Akainua mabega.

Alinisindikiza mpaka langoni, yeye mwenyewe, jua kali, bila kofia. Pale langoni alishika mti wa lango, asiufungue.

"Mama Godelieve, miaka minne niko hapa. Watu wanaingia chumbani mwangu, wanakubali, wanatoka. Wewe umerudi." Aliukwaruza ule mti kwa ukucha. "Jumapili baada ya misa ya pili ninakuwa peke yangu. Usilete blanketi, usilete kitu. Njoo ukae tu. Njoo tena unitembelee."