Korido ya Wenye Subira

Kila asubuhi, kabla mlango wa wagonjwa haujafunguliwa, Sista alifuta meza kwa dawa, akafuta kiti, akafuta na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu. Kisha alitoa ufunguo mfukoni, akaingia Wodi ya Wageni nyuma ya meza yake, akabadilisha mashuka ambayo hakuna aliyeyalalia. Kando ya kila kitanda ulisimama mtungi wa oksijeni, umejaa, mshale wake ukielekea kwenye kijani. Wageni wenyewe walikuwa wakubwa wa serikali. Zamani wakiugua walipanda ndege, lakini sasa ndege zilikuwa zimezuiwa kwa sababu ya ugonjwa, basi wakatengewa wodi hapa. Hakuna aliyekuwa ameugua bado. Sista alifunga mlango, akarudisha ufunguo mfukoni, akaketi chini ya bango lililosema Subira Yavuta Heri.

Aliyegundua kwanza alikuwa mfagizi.

"Sista, ndoo moja haitoshi tena," alisema, ameegemea mpini wa dekio. "Korido imerefuka."

"Kiasi gani?"

"Zamani nilikuwa nadeki mpaka mlango mkubwa, maji hayajachafuka. Leo nimeishia pale dirishani."

Sista akamtolea ndoo ya pili stoo.

Sababu ilijulikana upesi. Kila mgonjwa alipofika mezani akaambiwa asubiri, kigae kimoja kiliongezeka sakafuni, mahali fulani katikati, chenye weupe uleule uliochakaa na alama zilezile za viatu. Benchi la mbao lililoegemea ukuta nalo halikukubali kuachwa nyuma. Lilirefuka pamoja na sakafu, bila fundi, bila msumari. Wauguzi walijaribu maneno mengine. Walisema ngoja. Walisema vumilia baba, zamu yako inakuja. Twiga, yule muuguzi mrefu aliyeshika zamu pamoja na Sista, alijaribu hata kunyamaza na kuwaonyesha watu benchi kwa kidole. Korido haikuwa ya kudanganywa. Ilipokea yote.

Mwanzoni watu walitania. "Ngojangoja huumiza matumbo," alisema dereva mmoja aliyekuja na kikohozi kikavu, "ila ya hapa naona inaumiza mpaka miguu." Waliokuwa karibu naye walicheka, kicheko kikawaletea kikohozi, wakaacha.

Mkurugenzi wa hospitali alipokuja kujionea alifurahi waziwazi. Agizo la wizara lilikuwa kwamba wagonjwa wasibanane, na hospitali nyingine zilikuwa zinawalaza watu chini mpaka uani. Hapa kila mtu alikuwa na nafasi yake, na nafasi nyingine ikabaki. Maofisa wa wizara walikuja na kamba ya kupimia, kamba ikaisha kabla ya korido, wakaondoka wakisema hospitali hii haina msongamano. Hilo lilikuwa kweli tupu.

Shangazi yake Sista alikuja siku ya mvua, amejitanda mtandio wa njano. Alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea Sista tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyewashonea wauguzi wote barakoa wakati zile za stoo zilipokwisha. Alizishona kwa uzi wa kijani kwa sababu mweupe uliadimika madukani, naye hakuwa mtu wa kungojea uzi. Aliitembea korido yote kwa miguu yake, akishika ukuta, mpaka akafika mezani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kifua kimenibana kidogo tu."

Sista alimbana kipimo kidoleni. Namba aliyoiona haikuwa ya kidogo tu. Wodi ya kawaida ilikuwa imejaa, na kila mtungi wake una mtu. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Lakini alikuwa pia na kanuni, tena ya kwake mwenyewe. Aliipigania miaka ya nyuma, wakati ndugu wa wafanyakazi walipokuwa wakiingizwa kwa mlango wa nyuma huku wasio na mtu wakizidiwa getini. Kanuni ilisema ndugu wa mfanyakazi hapitishwi dirishani. Watu walimheshimu kwa hilo. Shangazi alikuwa akiwasimulia wateja wake habari hiyo huku akiwapima mabega, na aliisimulia kwa maringo.

"Subiri kidogo, shangazi," alisema Sista.

Kigae kikaongezeka. Wote wawili walikisikia kikijipanga.

"Sina haraka mimi," shangazi akajibu, akageuka kurudi kwenye mkia wa benchi.

Angekaa tu na kusogea kama wengine, huenda angefika. Lakini shangazi alikuwa mtu wa adabu, na adabu ni ugonjwa usiopimwa kidoleni. Kila alipokaribia mbele alimtazama aliyeketi nyuma yake, na kama yule anahema zaidi alisimama akampisha. "Pita, mwanangu. Mimi naweza kuongea bado." Kisha alirudi mkiani, na mkia ulikuwa haukai mahali pamoja. Kutoka mezani Sista aliuona mtandio wa njano ukipungua. Ukawa kama limau, kisha kama punje ya mahindi. Kila alipomwambia mtu asubiri alijua ni nani anayemsukuma mbali, na bado alisema, kwa sababu watu walikuwa wanakuja na vitanda havikuwepo.

Siku kadhaa zikapita hivyo, ndipo akaenda kwa Mkurugenzi.

"Nina ombi, mkubwa. Ile mitungi ya Wodi ya Wageni."

"Ile si yangu, Sista."

"Ni ya nani?"

"Ya wageni."

"Hawajaja."

"Mgeni hapangiwi siku." Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, akapiga simu wizarani. Alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja. "Wananiambia nisubiri kidogo." Kigae kikajipenyeza kati ya kiti chake na meza. Mkurugenzi alivuta kiti mbele bila kutazama chini, kwa namna ya mtu aliyekwisha kuzoea.

"Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone," Sista alisema.

"Si ndiyo maana tumewatandikia?"

Sista alitoka mle ndani kwa hasira. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa madirishani, na mwisho wa korido haukuonekana. Ile punje ya njano ilikuwa imetoweka. Alifungua Wodi ya Wageni, akaulaza mtungi wa karibu na mlango juu ya kitoroli, akachukua na mpira wake wenye barakoa.

"Kaa mezani," alimwambia Twiga. "Mtu akija, mwambie asubiri. Narudi sasa hivi."

Alikuwa amekwisha kupita madirisha kadhaa alipotambua alichoagiza. Nyuma yake alimsikia Twiga akiwapokea watu, kwa sauti ya upole iliyonyooka, vilevile alivyomfundisha. Kurudi kumkataza kungempotezea muda. Akazidisha mwendo. Magurudumu yalipiga kelele, na sakafu ikazidi kutoka mbele yake.

Mama mmoja alisimama akakishika kitoroli. Mumewe, fundi bomba ambaye bado alikuwa amevaa nguo za kazi, aliketi ameinama, midomo imeanza kubadilika rangi. Mama huyo alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi.

"Sista, huo mtungi wa nani?"

"Wa mgonjwa wa kule mbele."

"Na huyu je?"

Sista alimtazama yule fundi. Alimtazama vizuri, kama alivyofundishwa kumtazama mgonjwa.

"Subiri kidogo, mama. Nikirudi."

Safari hii alikisikia kigae kwa nyayo zake mwenyewe. Alijua amefanya nini. Aliendelea kusukuma.

Baada ya hapo kikohozi kilipungua, halafu kikakoma kabisa. Waliokaa sehemu ile waliketi wima, mikono magotini, barakoa zimefunika vizuri pua na mdomo, na vitambaa vya barakoa havikuingia wala kutoka. Kitoroli kilipofika walikunja miguu kukipisha, kwani walikuwa wamelelewa wakaleleka. Sista aliogopa. Hakuwaogopa wao. Aliogopa kuyatazama yaliyo mbele zaidi. Yule dereva wa utani alikuwa miongoni mwao.

"Zamu yetu bado, Sista?"

"Bado."

"Haya. Tupo."

Sista alingoja kidogo aongeze mzaha. Hakuongeza.

Mtandio wa njano aliuona tena, kwanza kama punje, kisha kama limau, mpaka ukawa mtandio kamili. Shangazi alikuwa ameketi amenyooka, viatu amevipanga chini ya benchi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Unakula kweli wewe?"

Sista alimvua barakoa yenye uzi wa kijani, akamwekea ya mtungi, akafungulia. Hewa ilivuma ndani ya mpira. Kifua cha shangazi hakikwenda popote. Mkono wake ulikuwa baridi sawa na sakafu.

"Funga, usiimwage bure," shangazi alisema ndani ya barakoa. "Hiyo haja nayo imeniisha tangu juzi."

Sista alifunga. Alipiga magoti kwenye vigae akalia kwa sauti, na kile kilio kilienda mbali kwa sababu nafasi ilikuwepo. "Nimekuua, shangazi. Ufunguo nilikuwa nao."

"Najua ulikuwa nao. Usiyaseme hayo mbele za watu."

"Basi twende nyumbani. Tukakuzike kwa heshima zako, karibu na mama."

Shangazi alifikiri, akilainisha ncha ya mtandio kwa vidole vilivyozoea kitambaa. "Hawa walio mbele yangu hawajaondoka. Nikiondoka leo nikawaacha, si watasema shangazi yake Sista amepitishwa dirishani?" Akatikisa kichwa. "Umeniambia nisubiri. Nitasubiri. Hebu sogea hapa, kamba yako imelegea."

Sista alisogea. Shangazi alimkazia kamba ya barakoa nyuma ya sikio, akapima kwa kidole kama inabana, akaridhika.

"Nenda, watu wanakungoja."

Sista alirudi na kitoroli chake. Alipofika kwa yule fundi bomba, kile kipande cha boksi kilikuwa chini, na mkewe ameketi kando yake amemshika mkono. Fundi alikuwa amenyooka sasa. Alikunja miguu kumpisha.

Mtungi ulirejea Wodi ya Wageni ukiwa karibu umejaa. Sista aliufuta kwa dawa, akausimamisha mahali pake, mshale ukaelekea kwenye kijani, akafunga mlango. Mkurugenzi alikuwa bado ameshikilia simu, na ilibidi apaze sauti ili asikike kutoka kwenye kiti chake. Alisema wakurugenzi wa hospitali nyingine wameomba kuja kujifunza.

Mezani Twiga alimpisha kiti. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale, amemkokota baba yake njia nzima, na mzee alikuwa anahema kwa mabega. Sista alimbana kipimo kidoleni. Akasoma. Mkono wake ulishuka mpaka mfukoni, ukaugusa ufunguo kwa juu ya kitambaa, ukarudi mezani.

"Subiri kidogo, mama," alisema.

Mfagizi akainua ndoo zake, akaenda kukideki kigae kipya kabla hakijakanyagwa.