Ndoo Yenye Tundu

Mkewe alipofariki, watu walimtazama Brashi wakisubiri alie, mpaka wakachoka kusubiri. Aliwashukuru waliokuja, akarudisha viti vya kuazima, na wiki iliyofuata alikuwa juu ya ngazi akiandika jina la duka la viatu. Wapo waliosema ana roho ngumu. Waongo. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, ukiufinya hausemi kitu.

Kazi yake ni kuchora mabango, na jina la Brashi lilimganda tangu ujanani. Mkewe naye walimwita Mama Tone, maana bomba la mtu likivuja tone moja tu, atabisha hodi na spana mkononi, hata kama humo ndani watu wanakula. Nyumba sita zilizouzunguka ua ule zilitegemea tangi moja, linalojazwa mara moja kwa wiki, naye alililinda utadhani alizaliwa nalo. Maji aliyooshea mchele aliyamwagia mchicha, na ya kufulia akayadekia. Walimcheka nyuma ya mgongo wake kwamba ana mkono wa birika. Lakini akiwa hai, tangi halikuwahi kukauka.

Sasa lilikuwa linakauka kabla wiki haijaisha. Ndipo katibu wa wapangaji, mstaafu anayependa vikao kuliko chakula, alipokuja na wazo lake. Ukuta mrefu wa uani uchorwe, Mama Tone awe katikati akifunga bomba, na kila nyumba ichore ndoo yake pembeni kwa mkono wake yenyewe. Anayekwenda kuchota aione picha na aone haya. Wote waliafiki. Brashi alipoulizwa alisema sawa, kwa sauti ile ile ambayo angekubali chai bila sukari.

Kumbe mwizi wa maji alikuwa yeye. Mama Tone enzi zake, ukiacha bomba wazi, alikuja kutoka popote alipo, awe anafua, awe amelala, akalifunga na kukupa maneno yako. Basi kila jioni Brashi alifungua bomba la jikoni, akalitegea sufuria, akakaa chumbani mlango ukiwa nusu wazi. Sufuria ilijaa, maji yakafurika na kuishia kwenye karo. Yeye alisubiri. Alijua vizuri kwamba hakuna atakayekuja, hakuwa mwendawazimu, ila kila alipolifunga mwenyewe ilikuwa kama kusema kwamba mkewe amekwisha, kwa hiyo alichelewesha mpaka alfajiri.

Wapangaji wao walishapata wa kumlaumu. Katika nyumba inayopakana na ya Brashi alikaa Mama Pacha, mwanamke mpole mwenye watoto mapacha wachanga, na kamba yake ya nguo haikukaukiwa nepi. Nani mwingine anaweza kumaliza tangi? Kikao kikakata kauli: ukuta ukimalizika na tangi likikauka tena, bomba lake litafungwa, akachote mtaa wa pili, na watoto wake wawili mgongoni na kifuani. Brashi alikuwapo kikaoni. Alitazama viatu vyake.

Ukutani alimchora mkewe kama anavyochora bango lolote, kwa kamba ya chaki na miraba, jicho kwenye mraba wake, pua kwenye mraba wake. Majirani waliiona sura ile wakajifuta machozi. Yeye aliosha brashi. Ndoo zikafuata, moja nyekundu, moja ya mistari, ya katibu kubwa kuliko zote. Ya Brashi ilikuwa ya kijivu, imekaa wima. Mama Pacha alichora ndoo ndogo ya buluu, huku chini kwenye kona, kama mtu anayeomba radhi.

Asubuhi moja Brashi alikuta mtu ameiongezea ile ndoo ya buluu tundu chini, na maji yanachuruzika. Kazi mbaya, mkono wa mtu mzima aliyekuwa anacheka. Mama Pacha alikuwa amechuchumaa anasugua lile tundu kwa kitambaa kikavu. Hakuthubutu kukilowesha, wasije wakasema tena. Mtoto mmoja alikuwa amelala mgongoni na kichwa chake kilicheza kila mama yake aliposugua.

Brashi aliyaendea makopo yake ya rangi. Hakusikia uchungu hata wakati huo, alisikia aibu, tena aibu ya mbali, lakini mkono ulijua kazi yake. Alifungua kopo la buluu akalifunika tundu. Akafungua jeusi, akaiendea ndoo yake ya kijivu, akaitoboa kwa brashi mbele ya majirani waliokuwa wanatoka na ndoo zao. Akachora maji yakimwagika mpaka chini kabisa ukuta unapoishia.

"Ni kwangu," alisema. "Maji yote yalikuwa yanaishia kwangu."

Katibu alianza kuitisha kikao. Brashi aliingia ndani. Asubuhi hiyo bomba lilikuwa linatiririka bado, tangu jana. Alikishika kishikio akakizungusha mpaka mwisho, na jikoni kukawa kimya.

Alipogeuka, Mama Pacha alikuwa mlangoni.

"Nilikuwa nayasikia, shemeji," alisema. "Ukuta wetu mwembamba."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Sasa kwa nini hukunisema? Wamekutukana mpaka basi."

Alimpandisha mtoto mgongoni vizuri kabla ya kujibu. "Na mimi nilikuwa nasubiri aje akugombeze."

Ganzi ikianza kutoka mguuni huuma kuliko mguu wenyewe ulivyowahi kuuma. Brashi alikaa sakafuni, jikoni kwa mkewe, akalia kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia. Mama Pacha hakumwambia anyamaze. Aliinua ile sufuria iliyojaa, akaibeba kwa mikono miwili taratibu asimwage, akaenda nayo kufulia nepi.