Mjukuu na Usingizi wa Mchana

Mume wangu, fundi cherehani kwa miaka thelathini, aliugua homa ya ubongo. Alipopona, ya zamani aliyakumbuka yote, hata mteja aliyemkimbia na suruali. Mapya hayakukaa. Mjukuu wetu alizaliwa yeye akiwa hospitalini, na kila asubuhi alimtazama akauliza, "Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu, baba," binti yetu alijibu, kisha akaenda kulilia jikoni. Zilibaki siku nane arudi kwa mumewe. Nikaapa hataondoka kabla baba yake hajamjua mtoto.

Basi nikajifanya mwalimu mkuu. Kila nusu saa nilimhoji: mjukuu wako yuko wapi, umri wake, mama yake nani? Akisinzia kitini, namtikisa. Usingizi wa mchana mimi nimezoea kuuita uvivu.

Kliniki, daktari alituonyesha picha ya ubongo wake, akagusa sehemu ndogo iliyojikunja ndani, usawa wa sikio.

"Hii ni hipokampasi. Imeumia, lakini haijafa yote. Anapomwona mtoto, seli zake huamka kwa mpangilio fulani. Akilala, huurudia mpangilio uleule, tena na tena, mpaka kumbukumbu ishike. Mchana analala?"

"Athubutu!" nilisema.

Mume wangu akacheka. "Kumbe nikiwa macho nashikiza tu kwa pini, cherehani napiga usingizini! Na huyu mke wangu ananifumua kila nusu saa."

Niliona aibu, acha tu. Mapenzi yangu yote yalikuwa yamegeuka usumbufu.

Tukabadili mambo. Kila asubuhi alimpima mtoto kwa futi yake ya kazi, shingo, kifua, mikono, kama mteja. Kisha tunashusha pazia, analala. Nami najing'ata ulimi nisimuulize kitu. Siku ya tano akauliza tena, "Huyu mtoto wa nani?" Nilitoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi.

Siku ya nane, mabegi yakiwa mlangoni, binti yetu alimletea mtoto. Mzee akarudisha mikono nyuma.

"Ngoja kwanza. Mke wangu, nipe taulo niweke mapajani. Huyu bwana mdogo jana alinikojolea."

Nilimgeukia binti yangu. Jana asubuhi mimi nilikuwa sokoni.

"Ni kweli, mama," alisema, machozi yakimtiririka. "Na sikumwambia mtu."

Nikaleta taulo mbili.