Ukumbi Uliofungwa kwa Matengenezo

Kapteni, kama wanavyomwita mpaka leo ingawa magoti yameshamgomea, alifika kwenye ukumbi wa michezo akiwa ameshikwa mkono na bintiye. Ukumbi umepakwa rangi upya, na koridoni wamebandika historia yake: picha za siku paa lilipopandishwa, mapambano ya ngumi, timu ya Kapteni ya mpira wa wavu ikinyanyua kombe. Yeye ndiye aliyeombwa akate utepe.

"Mama, hizo nywele vipi?"

"Ndizo zilizomchanganya baba yako."

Wakaenda wakicheka, picha baada ya picha, hadi kwenye kibao kidogo: *Katika kipindi hiki ukumbi ulifungwa kwa matengenezo.* Kicheko kikamkauka Kapteni.

Matengenezo gani? Mwaka ule wa vurugu, askari waliugeuza ukumbi jela. Watu walirundikwa sakafuni, bila choo, bila hewa. Kaka yake, fundi saa asiye na habari na siasa, aliingizwa kwa mlango wa wachezaji na hakutoka. Ukumbi ulipofunguliwa, mbao zilikuwa zimesuguliwa kwa dawa, lakini uvundo ulikuwa umezama humo humo. Siku ya kwanza ya mazoezi Kapteni alitapika kwenye mstari, akaondoka, asirudi kucheza tena.

Akamwita katibu wa kamati, mchezaji mwenzake wa zamani waliyezoea kumwita Twiga.

"Shoga, nani kaandika hiki?"

"Kamati."

"Wewe si ndiye katibu?"

Twiga akatazama viatu vyake. "Leo sherehe, shoga. Wageni wameshakaa. Hayo tuyaache."

"Ulinishika kichwa nikitapika, Twiga."

Twiga akageukia mlangoni. Mgeni rasmi alikuwa amefika na mpiga picha wake. Akamkumbatia Kapteni begani, pale pale mbele ya kibao, na kumwambia atabasamu. Kiganja kilikuwa na jasho, na marashi yake yalikuwa makali. Kapteni alihisi mate yakimjaa mdomoni. Akauondoa mkono ule kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye maziwa.

Kisha akachukua mkasi uliowekwa tayari kwa utepe, akaupenyeza nyuma ya kibao, akakibandua. Kilikuwa kimeshikwa na gundi tu. Walinzi walitazamana, hakuna aliyetaka kumkwida bibi mzima mbele ya kamera.

"Kaka yangu alifia humu," akasema, bila kupaza sauti.

Bendi ikaamriwa ipige. Mkasi wakamnyang'anya, utepe akaukata Twiga, makofi yakapigwa, na juisi ikaanza kuzungushwa kwenye sinia.

Nje, Kapteni aliinama kando ya mtaro, akatema mate mara kadhaa.

Bintiye alikuwa amemfuata. Siku zote aliambiwa mjomba aliugua tu, akafa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje, mwanangu? Kila wiki ulikuwa unakuja kucheza humo."

Binti akakaa chini, ukingoni mwa mtaro. "Anza sasa," akasema.