Mshono Usiofumuka

Mtaani hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Haufumuki, kwa sababu kila mteja aliyekuja kuchukua kava za viti vya gari alivutishwa mshono kwanza. Vuta, angemwambia, vuta kwa nguvu, usinionee haya. Mteja angevuta mpaka mishipa ya shingo imsimame, na uzi ungebaki palepale, umetulia kama haujaguswa. "Umeona? Haufumuki." Hapo ndipo fundi alipotabasamu na kumkabidhi funguo.

Wenye magari mapya walikuja na wasiwasi wao. Walikuwa wametoka dukani na kijitabu cha waranti, na muuzaji amewaonya wasiongeze kitu cha nje bila kuuliza: si taa, si redio kubwa, si kava. Haufumuki aliwacheka. Waranti ni ya injini, aliwaambia, kiti kitaharibika nini, kwani kina pistoni? Hao wa dukani wangeweza wangewauzia na ruhusa ya kukaa. Watu walicheka, wakaliacha gari, na yeye akashona. Mdomo wake ulikuwa na mshono mmoja tu uliolegea, na ni huo wa kunyamaza.

Binti yake wa pekee aliponunua gari jipya, hakungoja kuombwa. Alichagua leza, ile ngozi ya kutengenezwa, ya rangi ya maziwa, akaweka sponji nyembamba chini yake, na ubavuni, pale mtu anaposugua akiingia na kutoka, akapitisha uzi wa nailoni mara mbili. Kila kiti cha mbele kilikuwa na lebo ndogo ubavuni yenye maandishi ya kigeni. Alidhani ni alama ya mshonaji wa kiwandani. Akaifunika kwa raha, kama fundi anayemfunika fundi mwenzake.

Alasiri moja binti huyo alikuwa njiani kuja kwao, anaendesha peke yake kutoka mji anakoishi na mumewe. Haufumuki alikuwa karakanani anakata sponji na kupiga mluzi, sikio liko barabarani. Badala ya binti akaja mwalimu mmoja, mteja wake wa zamani kidogo, akaegesha na kushuka bila kucheka.

Mwalimu hakugomba, na hilo lilimtia fundi shaka kuliko ugomvi. Alieleza kwamba taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, akalipeleka gari dukani walikomuuzia. Injini na giaboksi walisema bado ni zao. Hata zile taa za mbele alizobadilisha hazikuondoa waranti ya kitu kingine, kwa kuwa hazikuwa zimeharibu kitu. Lakini waya wa chini ya kiti ulikuwa umevutwa na kamba za kava, basi kiti, waya na mfuko wa hewa vyote wamemrudishia yeye abebe gharama.

Haufumuki akaanza wimbo wake wa pistoni. Mwalimu akamshika mkono, akamfungulia mlango wa dereva. Kava ilikuwa imeshavuliwa, na ile lebo ndogo ilikuwa wazi.

"Fundi, lebo hii inasema humu ndani ya kiti mmekunjwa mfuko. Gari likigongwa ubavuni, mfuko unajaa hewa na kupasua hapa, unamkinga mtu mbavu. Huu mshono wao wameushona makusudi ufumuke." Akamtazama. "Wako je?"

Fundi aliinama karibu na kiti. Aliunyoosha mkono akaugusa ule mshono wa kiwandani, mwepesi, wa uzi mmoja, ambao yeye mwenyewe aliwahi kuudharau mbele ya watu. Binti yake yuko barabarani.

Hakuaga. Alichomoa simu akapiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Alijua kwa nini haipokelewi. Ni yeye aliyemfundisha kuendesha, na ni yeye aliyemwapisha kwamba simu na usukani ni wake wenza, ukimshika mmoja mwache mwingine. Binti alikuwa mtiifu. Siku zote alijivunia utiifu huo, na sasa ulimkaba roho.

Akampigia mkwe wake kazini, akamweleza kwa maneno yaliyogongana. Mkwe akasema polepole kwamba baba asiwe na hofu, dukani walishamwambia binti habari hiyo tangu gari lilipokwenda kwa ukaguzi wa kwanza. Zile kava huwa hazitumii. Huwa anazivua na kuziweka kwenye buti.

Haufumuki alipata nafuu. Hata hakuona aibu. Kisha akakumbuka kwamba kila binti alipokuja kumtembelea, kava zilikuwa zimevalishwa, safi, na yeye akizipapasa.

"Na leo?" aliuliza.

"Leo anakuja kwako, baba," mkwe alisema. "Amezivalisha asubuhi. Asingependa uumie."

Maji yalimfika shingoni. Alitoka mpaka ukingo wa barabara, akasimama na wembe wa kufumulia mkononi bila kujua ameuchukua saa ngapi. Mkewe alikuwa nyumbani anatandika kitanda cha mgeni, na hakuthubutu kumpigia. Angemwambia nini, kwamba mtoto wao kampenda baba yake kuliko mbavu zake? Kila lori lililopita kwa kishindo lilimpitia kifuani. Kila gari dogo alilitazama ubavu kwanza. Waliopita walimsalimu kwa lile jina lake, hakumwitikia hata mmoja.

Hatimaye gari la binti likachomoza kwenye kona, zima, limeoshwa, viti vya rangi ya maziwa vikionekana kupitia kioo. Liliegeshwa. Binti akashusha kioo, anatabasamu.

"Shikamoo baba."

"Shuka."

Alimwona na wembe, tabasamu likapotea, akashuka upesi. Haufumuki alipiga magoti kando ya mlango akauingiza wembe kwenye ubavu wa kiti. Uzi ukakataa. Aliuvuta, akakata tena, jasho likimwingia machoni, akiulaani mkono ulioushona. Wembe ulimkata kidole, hakusimama. Alipofika chini, karibu na ilipo lebo, aliona alama nyingine: mikato midogo midogo ya mkasi, imepinda, na juu yake imeshonwa tena kwa mkono, kwa uzi wa rangi inayokaribia ile ya leza, usionekane.

"Nani alikata hapa?"

"Ni mimi," binti alisema. Alikuwa anakaribia kulia. "Nilitaka nifungue hapo tu, kava yako ibaki na mfuko nao upate njia ya kutoka. Nikavuta, nikakata, ukanishinda. Ningekwambiaje, baba? Ndio mshono uliokupa jina."

Haufumuki alimaliza kukata upande wa dereva, akazunguka, akakata na wa abiria. Leza ikaanguka vumbini. Lebo zote mbili zikatazama nje. Ndipo alipokumbuka kwamba hajaitikia salamu. "Marahaba, mwanangu," alisema. Binti akamshika kidole kinachotoka damu, akakifunga kwa ncha ya mtandio wake. Walisimama hivyo kidogo, na hofu ikaanza kushuka.

Honi ikapigwa. Gari jipya lilikuwa linakuja kwa kasi, familia nzima imejaa ndani, na fundi akaijua leza kabla hajamjua dereva. Ile nyekundu, kazi ya mkono wake. Uzi mara mbili. Alijichomoa mikononi mwa binti akakimbilia barabarani, mikono yote miwili juu, anapiga kelele wasimame.

Dereva alimwona akacheka, akatoa mkono dirishani na kumpungia.

"Haufumuki!" aliita kwa furaha, na gari likapita.