Wosia wa Döndü

Hakuna mwanamke hapa Cologne anayeosha maiti kama mimi. Miaka kumi na tisa sijapata lalamiko hata moja, ingawa nakiri wateja wangu si wasemaji.

Jumatatu ile aliletwa Döndü, jirani yangu wa zamani, kutoka hospitali. Chumba chetu kiko chini kabisa ya msikiti, kando ya maegesho. Juu kuna kuba la vioo ambalo Wajerumani huja kulipiga picha. Chini tuko sisi na mpira wa maji.

Mwanawe, Tuncay, alisimama mlangoni, kajipulizia manukato utadhani yeye ndiye anayezikwa. Kwenye simu, spika ikiwa wazi, dada yake Gülizar alikuwa analia kutoka kijijini, Yozgat, Uturuki. Viza amenyimwa mara tatu. Ana miaka sita hajamwona mama yake.

“Kaka, mlete. Kaburi limeshachimbwa kando ya baba. Chama cha mazishi kinalipa ndege, wewe panda naye tu.”

Tuncay akaiziba simu kwa kiganja, akaninong’oneza. “Nikipanda, shangazi, duka la kebabu namwachia nani?” Akaondoa kiganja. “Gülizar, jana mama kaniambia kwa mdomo wake: ‘Mwanangu, nizike hapahapa, karibu yako.’ Wallahi.”

Gülizar akajibu kwa sauti iliyokwisha: “Kama ni wosia wake, basi. Nitafanyaje?”

Niliingia, nikafunga mlango. Nikamimina maji ya uvuguvugu, upande wa kulia kwanza. Döndü alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Shingoni palikuwa na bandeji, nikaibandua taratibu. Chini yake tundu la kuingia kidole, kingo zimekomaa. Hapo palipita bomba la kupumulia, na si la jana wala juzi. Nimewaosha wengi wa namna ile. Bomba likikaa hapo, mtu hawezi kusema; hawaondoki na sauti.

Nikaliziba kwa pamba, nikamvika sanda.

Sheria ya mwosha ni moja: unachokiona kwa maiti hutoki nacho. Nimeitunza miaka yote hiyo, na mimi ni mmbea.

Nilipotoka, Tuncay bado alikuwa anamfariji dada yake kwenye simu. Nikasogea, sauti nikaipandisha kidogo.

“Jana mama aliongea vizuri, mwanangu?”

“Vizuri kabisa, shangazi. Sauti yake ileile.”

“Alhamdulillahi. Na lile bomba la kooni, walimtoa kwanza ndiyo akaongea?”

“Bomba gani?”

Kwenye simu kilio kikakatika.

“Kaka,” akasema Gülizar, “mara ya mwisho ulikwenda hospitali lini?”